Kijana Amehitimu Ufundi, Lakini Nani Atamlipa?

Somo la kusomwa katika kikundi: 2 Wafalme 4:1–7



Somo la safari hii linahusu cherehani nne. Tatu zimo katika stoo ya kanisa, zimefunikwa gunia. Ya nne imetoka, na habari yake tutawaambia mbele. Tunawaeleza jambo hili kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi wa kamati ya maendeleo, na tungependa vikundi vingine vijifunze bila kulipa karo tuliyolipa sisi.

Mambo yalikuwa hivi. Vijana wengi hapa kwetu walikuwa wakikaa sokoni tangu asubuhi hadi jioni, bila kazi. Wazazi walilalamika, na wakati mwingine tulizika kijana aliyeharibiwa na pombe. Basi tukasema tufanye kitu. Tukawaita vijana, tukawauliza, "Mnataka kusomea nini?" Sita wakasema ushonaji. Tukatafuta mfadhili, akakubali kulipa karo. Vijana wakasoma, wakafaulu, tukasherehekea. Halafu kikundi kikachukua mkopo, tukanunua cherehani nne na kukodi chumba sokoni.

Kwa miezi saba chumba kile kilifunguliwa kila siku. Wateja walikuwa wachache sana. Kumbe soko letu dogo lilikuwa tayari na mafundi tisa wa kushona, na watu wengi hununua mitumba kwa sababu ni bei rahisi. Yunifomu za shule zilikuwa na mtu wake wa miaka mingi. Kodi ya chumba ikadai, mkopo nao ukadai. Mwishowe tulilipa deni kwa pesa za meri-go-raundi, zile ambazo akina mama walikuwa wakiweka kwa ajili ya karo ya watoto. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wawili. Wanachama wanne walitoka kwenye kikundi na hawajarudi, na hatuwezi kuwalaumu.

Tulipokaa chini kutafuta kosa liko wapi, tuliona kwamba tuliuliza maswali mawili tu. Vijana tuliwauliza wanapenda nini. Mfadhili tulimwuliza analipia nini. Hatukumwuliza mtu hata mmoja ikiwa ana kazi anayotaka kufanyiwa, na yuko tayari kutoa pesa yake mfukoni kuilipia.

MJANE NA CHUPA YA MAFUTA

Hebu mmoja wenu asome habari za yule mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Mume wake amekufa na kuacha deni. Mwenye kudai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tazameni jinsi Elisha anavyomsaidia. Hamtafutii mtu wa kumpa fedha. Anamwuliza kwanza ana nini nyumbani. Mama anasema hana kitu, isipokuwa mafuta kidogo tu. Kutoka hapo kazi inaanza: vyombo vitupu vinaazimwa kwa majirani, mlango unafungwa, watoto wake wenyewe wanamletea vyombo naye anamimina.

Wengi wetu tukihubiri sura hii tunamalizia kwa ule muujiza. Lakini mstari wa saba unaendelea. Mafuta hayo lazima yauzwe. Deni lilipwe kwanza, halafu mama na wanawe waishi kwa kinachobaki. Yaani palikuwa na mnunuzi. Kama katika mji ule hapangekuwa na mtu anayehitaji mafuta, nyumba ingejaa vyombo vya mafuta na mwenye kudai angali mlangoni. Sisi tulijaza nyumba kwa cherehani.

TEMBEENI SOKONI KABLA YA KUMPELEKA KIJANA CHUONI

Baada ya hasara ile tulifanya kazi ambayo ilitupasa kuifanya mwanzoni. Tulichagua watu wanne, akina mama wawili na vijana wawili, wakatembea sokoni siku ya soko na tena siku ya kawaida, kwa maana siku ya soko inaweza kukudanganya. Hawakuuliza watu wanataka mradi gani. Mtu ukimwuliza hivyo atakutajia maji, barabara na hospitali. Waliuliza, "Kitu gani chako kimeharibika nyumbani na hujakitengeneza? Mara ya mwisho ulipolipa fundi, ilikuwa kazi gani? Fundi huyo alitoka wapi?"

Tulijifunza mengi. Matangi ya maji ya mvua yamekuwa mengi siku hizi katika maboma na shuleni, lakini mabati ya kukingia maji hayajafungwa sawasawa, na mifereji inavuja. Fundi wa bomba hutoka mjini, naye mwenye kazi humlipia nauli kwenda na kurudi. Pampu za kunyunyizia dawa shambani zikikatika mpira, watu huzitupa. Viti na madawati ya shule moja yalikuwa yamelundikwa nyuma ya darasa, yanangoja mtu wa kuchomelea.

Kijana mmoja wetu alikwenda kwa mzee fundi wa baiskeli na pikipiki, akamsalimu, "Shikamoo mzee. Kazi iko?" Mzee akamwambia, "Marahaba, kijana. Kazi iko, mikono ndiyo michache. Tazama hizo tatu, wenyewe wamerudi mara mbili." Tuliandika hiyo. Mahali ambapo mteja anamngoja fundi, mtu wa pili anaweza kupata kazi. Kwa washonaji tuliona kinyume: mafundi wanacheza ajua, wanangoja wateja.

Na hapo ndipo cherehani ya nne ilipopata kazi. Msichana mmoja kati ya wale sita aliona kwamba watu wakinunua mitumba, mara nyingi suruali ni ndefu au rinda ni pana, na hapakuwa na mtu wa kuipunguza palepale. Alituomba, "Mama, nipeni moja niiweke karibu na wauza nguo." Tulisita, maana tulikuwa na woga. Tukampa. Leo yuko pale chini ya mwavuli, mteja ananunua nguo hapa na kuipunguza pale. Si utajiri, lakini analipa kidogo kidogo kwa kikundi na anamsomesha ndugu yake. Ujuzi ni uleule tuliolipia. Kilichobadilika ni kwamba alikwenda mahali ambapo kazi ilikuwa imelala chini, akaiokota.

MAFUNZO YAPATIKANE WAPI?

Makanisa yamehangaika na shida hii kwa muda mrefu. Mwaka wa 1966 Baraza la Makristo la Kenya lilishiriki kutoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi watafanya nini baadaye. Kutokana na mawazo hayo vilianza vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wazee wetu waliviita vilej politekniki. Nia ilikuwa chuo cha gharama ndogo, kinachofundisha kazi zinazohitajika katika eneo lile, na mwanafunzi akitoka aanze kazi hapohapo. Baadaye wazazi na wanafunzi walidai vyeti, na vyuo vingi vikaanza kufanana na shule nyingine. Hatuwalaumu. Cheti ni muhimu kwa anayetafuta kuandikwa. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, vyuo hivi viko chini ya kaunti, basi ulizeni ofisi ya kaunti yenu karo ni ngapi na kuna msaada gani wa karo.

Lakini chuo si njia ya pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijaribu mpango wa vocha kwa watu wa jua kali. Mtu alipewa vocha ya mafunzo, yeye mwenyewe akaongeza sehemu ya gharama, na akachagua atakayemfundisha. Wengi sana walichagua mafundi hodari wa jua kali kama wao, wakaacha vyuo vikubwa. Mpango ule ulikwisha pesa za mradi zilipokwisha, na hilo nalo ni somo. Hata hivyo ulionyesha kwamba mtu akiweka pesa yake kidogo huchagua mwalimu kwa uangalifu.

Kwa hiyo kikundi kinaweza kumpeleka kijana kwa fundi. Lakini andikianeni! Sisi tulimpeleka kijana kwa fundi kwa kuaminiana tu, na kwa miezi mitatu alikuwa akifagia na kutumwa chai. Sasa tunaandika karatasi moja, mbele ya mzazi na mzee wa mtaa: mafunzo ni ya miezi mingapi, kijana atafundishwa kazi gani mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho, kifaa kikiharibika au bati likikatwa vibaya nani atalipa, na kijana akianza kumwingizia fundi pesa atapewa ngapi. Karo tunalipa kwa awamu tatu, na kabla ya kila awamu mmoja wetu huenda kuona kijana akifanya kazi kwa mikono yake.

Kijana aliyejifunza kwa fundi anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, unaosimamiwa na NITA. Huanza gredi ya tatu, halafu ya pili, halafu ya kwanza. Msidharau jambo hili. Kontrakta anayejenga shule hamjui mwanao. Karatasi ile ndiyo inayomjulisha.

PESA

Tumeweka pesa mwisho kwa makusudi, ingawa tunajua wengine wenu mlianza kusoma hapa.

Pesa ya kwanza ni yenu. Tuseme kikundi kina wanachama 20, kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Hiyo ni 2,000 kwa wiki, na katika majuma 20 ni 40,000. Pesa hiyo inaweza kumtoa kijana mmoja au wawili kwa fundi pamoja na vyombo vya mkono vya kuanzia. Vyombo tunaviandika kuwa mali ya kikundi. Kijana anavilipia polepole, na akimaliza ni vyake. Akivunjika moyo, vinarudi na kupewa mwingine. Vyombo vilivyotolewa bure hapa kwetu tumeviona vikiuzwa kabla ya Krismasi.

Mkopo uje wakati kazi imeshaonekana na wateja wameanza kulipa. Na mkichukua, angalieni mambo mawili pamoja: riba, na muda wa kurudisha. Watu hupiga kelele juu ya riba na kusahau muda. Mfuko wa Hustler ulipoanzishwa Novemba 2022 riba yake ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni ndogo. Lakini mkopo wa mtu binafsi ulitakiwa kurudishwa kwa siku 14. Mwuza nyanya anaweza kuzungusha pesa kwa siku 14. Mashine ya kuchomelea haiwezi kujilipa kwa siku 14, hata ikiwa ya malaika. Mfuko wa Uwezo, ulioanzishwa 2013 kwa vikundi vya vijana, wanawake na walemavu, ulitolewa bila riba, kwa ada ya asilimia 3 ya usimamizi, na kikundi kilipewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Huo unafanana zaidi na kazi ya ufundi. Masharti hubadilika, kwa hiyo mwende ofisini mkasomewe ya wakati huo, na aende zaidi ya mtu mmoja.

Hesabu ni rahisi. Mkopo wa 60,000 wa miezi 12 ni 5,000 kila mwezi, kabla ya riba au ada. Mwulizeni kijana: mwezi uliopita wateja walikulipa ngapi baada ya kutoa vifaa na chakula? Kama jibu ni 3,000, basi 2,000 zinazobaki zitatoka kwa akina mama. Sisi tunajua.

Ili kupata mifuko hii ni lazima kikundi kiwe kimeandikishwa. Kwa Sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii, kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua kumi. Mwoneni afisa wa huduma za jamii. Tena tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na walemavu. Madawati ya shule yanaweza kuwa humo. Lakini jiandaeni, malipo ya zabuni yanaweza kuchelewa sana, na fundi hawezi kula karatasi ya kudai.

YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Someni tena 2 Wafalme 4:1–7. Sisi tuna "mafuta" gani nyumbani: nani kati yetu ni fundi, nani ana chombo kisichotumika, nani ana kibanda?

Vijana wetu waliokwisha kusoma ufundi ni wangapi, na wangapi wanaufanya? Wasiofanya waitwe waeleze wenyewe. Msiwajibie.

Kabla ya mkutano ujao, watu wanne watembee sokoni kwa siku mbili na kuandika kazi tano ambazo watu huwalipa mafundi wa mbali. Waandike pia ni mafundi wangapi wanafanya kila kazi hapo karibu, na mteja hungoja siku ngapi.

Na kama kuna kikundi kinachojua mahali ambapo cherehani tatu zinaweza kupata kazi, kituletee habari ofisini. Bado zimo ndani ya gunia.