Mawe ya Mwanza: Wapi pa Kuyaona na Namna ya Kuyasoma

Swali la mgeni anayeshuka Mwanza kwa mara ya kwanza ni lilelile: nani aliyapanga mawe haya? Jiwe lenye ukubwa wa nyumba limekaa juu ya jingine, na juu yake la tatu, kana kwamba lilipandishwa kwa winchi. Hakuna aliyeyapandisha. Mawe yalikuwa chini ya ardhi tangu awali. Udongo uliokuwa umeyafunika ndio ulioondoka. Ukilijua hilo kabla ya kutoka hotelini, kila kilima cha mji huu kitakuwa na jambo la kukueleza.

Asili yake kwa ufupi

Granaiti ya Mwanza ilianza kama uji wa moto uliopanda kutoka vilindini na kuganda kabla ya kufika juu, miaka takribani bilioni 2.6 iliyopita. Uliganda polepole, ndiyo maana chembe zake ni kubwa na unaziona kwa macho: feldispa nyeupe au ya waridi, kwatsi inayong'aa kama kioo, na maika nyeusi. Mwamba ulipopoa ulipata nyufa. Maji ya mvua yakapenya humo, yakaigeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi, na pembe za mwamba zikaliwa kwanza kwa sababu zinashambuliwa kutoka pande zote. Kilichobaki ni matufe makubwa ndani ya udongo. Mvua za zama nyingi zikausomba udongo, matufe yakabaki yameegemeana.

Mjini: Jiwe la Bismarck na vilima

Anzia ufukweni karibu na Kapri Point, linaposimama Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni. Nenda mapema asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mchana jua huyafanya mawe yote yafanane. Tazama nyufa zilizosimama wima kisha zile za mlalo: ndizo zilizolikata jiwe hilo vipande.

Baadaye panda Isamilo au Bugando, ambako nyumba zimejengwa katikati ya majabali na ukuta mmoja wa nyumba huweza kuwa jiwe lenyewe. Hapo ni makazi ya watu, kwa hiyo salimia kwanza. "Mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana hufungua njia kwa Wasukuma, na kwa mzee "shikamoo" haijawahi kuharibu kitu. Epuka miteremko mikali wakati wa masika.

Kisiwa cha Saanane

Boti za Hifadhi ya Taifa ya Saanane huondokea Kapri Point, na safari ni ya dakika chache. Eneo hili lilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ni dogo, kilomita za mraba 2 na kidogo, lakini njia zake hupita juu ya granaiti tupu. Angalia magamba ya mwamba yanayobanduka: ndivyo jiwe linavyoendelea kuviringika hata leo. Pimbi hujificha nyufani, na juu ya mwamba wenye joto huota jua mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Wanasayansi humwita Agama mwanzae, kwa heshima ya mji huu.

Geita: miamba iliyobadilika

Granaiti si mwamba mkongwe kuliko yote huku. Iliwakuta wenyeji wake. Kabla yake palikuwa na bahari na volkano, na sakafuni mwa bahari hiyo zilitanda tabaka za chuma na silika. Joto na mgandamizo vikazikunja na kuzigeuza bila kuziyeyusha. Huo ndio mwamba geu. Vilima vya Geita vimejengwa kwa miamba hiyo yenye mistari ya chuma, na humo ndimo dhahabu ilimojificha. Ukiwa kwenye granaiti ukaona kipande cheusi kilichozingirwa pande zote, huenda ni mabaki ya mwamba wa zamani uliomezwa na ule uji wa moto.

Kutoka Mwanza kwenda Geita hungoji tena kivuko: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Migodini huingii bila kibali, na mashimo ya wachimbaji wadogo si mahali pa kuchungulia.

Je, marumaru?

Wageni wengine huuliza marumaru ya Mwanza iko wapi. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na kugandamizwa, na kwa Tanzania makao yake ni ukanda wa mashariki, kama Uluguru na Mahenge, ambako milima ilikunjwa miaka takribani milioni 600 iliyopita. Mwanza ni nchi ya granaiti. Ukiuziwa pambo la "marumaru" sokoni, lipime: marumaru hukwaruzika kwa kisu, na unga wake hutoa povu ukidondoshewa siki. Granaiti haijali kisu wala siki.

Bujora na Ukara

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, juu ya kilima chenye majabali. Mwenye nafasi zaidi apande meli hadi Nansio, Ukerewe, kisha avuke kwenda Ukara kuliona jiwe linalocheza. Wenyeji husema hutikisika linapoombwa na wenyewe. Usiende bila mwenyeji wala kuligusa bila ruhusa.

Mambo ya kuzingatia

Miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri kwa kupanda. Vaa viatu visivyoteleza, beba maji na kofia. Usioge ziwani: kichocho kipo. Pembezoni mwa mji utawakuta wagonga kokoto, wengi wao akina mama. Omba kabla ya kupiga picha, na ukiongea nao watakueleza ufa wa jiwe ulipo kabla nyundo haijashuka.

Jambo la mwisho ni ombi. Majabali mengine yameshachafuliwa kwa majina na rangi za matangazo, na mengine yanageuka kokoto kila siku. Yaliyobaki ni ya wote, na hakuna mvua itakayoyarudisha. Yapande, yapige picha, uliza maswali, lakini jina lako usiliandike.