Ngumi Isiyomgusa Mtu: Somo la Ndondi kwa Watoto Wadogo

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu niandike kuhusu ndondi. Najua kuna watakaoguna: ati mtoto wa miaka saba naye afunzwe ndondi? Tafadhali soma kwanza, kisha ugune.

Kila Jumamosi asubuhi mimi humsaidia mwalimu wa michezo wa shule moja ya msingi hapa Gitothua. Wanafunzi wetu ni wa Gredi ya 2 na ya 3, wavulana kwa wasichana. Hawapigani hata siku moja. Wanajifunza ndondi bila kugusana, yaani ngumi inarushwa hewani au kwenye kitu, kamwe si kwa mtu.

KWA NINI WASIGUSANE?

Kenya ni nchi ya mabondia. Philip Waruinge alileta medali ya shaba kutoka Mexico mwaka wa 1968, na ya fedha kutoka Munich mwaka wa 1972. Robert Wangila akanyakua dhahabu kule Seoul mwaka wa 1988, alipomwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali. Elizabeth Andiego naye alikwenda London mwaka wa 2012, Olimpiki ya kwanza ambapo wanawake walishindania medali za ndondi. Watoto wakisikia majina hayo, macho yanawaka.

Lakini upande wa pili nao tusiufiche. Wangila huyo huyo alifariki mwaka wa 1994 huko Las Vegas, akiwa na miaka 26 tu, kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai: hata ganda lisipopasuka, ukilitikisa kwa nguvu kiini kinaumia. Mwaka wa 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja kupinga watoto na vijana kushiriki ndondi za kupigana, kwa sababu hiyo hiyo ya kichwa. Basi sisi tumechukua mazoezi ya bondia, makonde ya kichwani tukayaacha.

HATUA ZA SOMO

1. Nafasi. Kabla ya lolote, kila mtoto hunyosha mikono pande zote na kuzunguka kama feni. Akimgusa mwenzake, wote wawili wanarudi nyuma hatua moja. Watoto wakiwa wengi kuliko uwanja, nusu wafanye na nusu wahesabu.

2. Kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja mbele na mmoja nyuma. Anayeandika kwa mkono wa kulia aweke mguu wa kushoto mbele. Wa mashoto afanye kinyume. Magoti yalegee kidogo, kisigino cha nyuma kiinuke, kidevu kishuke, ngumi zikae karibu na mashavu na viwiko vilinde mbavu. Mwalimu akimsukuma polepole begani na asiyumbe, amesimama vizuri.

3. Kutembea. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaotangulia. Ukirudi nyuma, wa nyuma ndio unaotangulia. Miguu isipishane. Sisi huchora mistari miwili mchangani kwa kijiti, kila mguu na mstari wake. Watoto wanapenda sana kuruka, kwa hivyo hatua hii inahitaji subira.

4. Kukunja ngumi. Kunja vidole vinne, kisha kidole gumba kikae nje, juu ya vidole. Kikifichwa ndani kinaweza kuvunjika. Kifundo cha mkono kinyooke kama rula.

5. Kudonoa. Hili ni konde la mkono wa mbele. Tulihangaika kutafuta namna ya kulieleza mpaka tukamtazama kuku anavyokula mtama. Kichwa kinaenda na kurudi upesi, hakikai pale chini. Basi mkono nao uende na urudi shavuni kwa njia ile ile. Tangu siku hiyo sisi husema "Donoa!" na kila mtu anaelewa.

6. Konde la nyuma. Nguvu yake haitoki mkononi. Mguu wa nyuma unazunguka kama mtu anayezima kiberiti kwa kiatu, nyonga inafuata, halafu bega, na mkono unakuja mwisho.

7. Kukwepa. Funga kamba ya nguo kutoka mti hadi mti, ifike mabegani mwa mtoto. Apite chini yake kutoka upande huu hadi ule kwa kukunja magoti, si kwa kuinamisha mgongo. Macho yabaki mbele.

8. Kivuli. Saa mbili asubuhi jua likiwa mgongoni, kivuli cha kila mtoto kinaanguka ukutani. Hapo anapigana nacho akiwa mbali na ukuta, na kukosoa mikono yake mwenyewe. Mpinzani huyu hana gharama na haumii.

9. Gazeti. Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Tunatundika ukurasa wa gazeti kuukuu kwenye ile kamba. Mtoto arushe konde kwa kasi, lakini karatasi iguswe tu, isitoboke. Wengi siku ya kwanza wanatoboa na kushangilia. Kumbe kutoboa ni rahisi! Kazi ngumu ni kuisimamisha ngumi pale unapotaka wewe, si pale hasira inapotaka.

KUPANGA KIPINDI

Dakika 40 zinatosha. Dakika 10 za kwanza ni za kuruka kamba na kunyosha viungo, 20 ni za hatua mbili au tatu tu, na 10 za mwisho ni za mchezo. Kila zoezi lichukue dakika moja, kisha mapumziko ya dakika moja na maji. Neno "Simama!" likitajwa, kila ngumi ishuke mara moja. Asiyetii anakaa raundi moja akiwahesabia wenzake, bila kutukanwa.

WAZAZI WANASEMAJE?

Mama mmoja alikuja uwanjani kumchukua bintiye. Akaniuliza, "Wewe kijana, mbona unamfunza mtoto wangu vita?" Nikamjibu, "La, mama, shikamoo kwanza. Ninamfunza kusimamisha ngumi. Kurusha alikuja akijua." Hakucheka. Alisimama kando, mikono kifuani, akatazama mpaka zamu ya bintiye kwenye gazeti ikafika. Karatasi haikutoboka. Mama akasema, "Haya, lakini siku nikisikia amepiga mtoto wa jirani, haji tena." Sharti hilo sasa ni la watoto wote.

Nami naona mama yule alikuwa na haki ya kuuliza. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, familia nyingi katika ua mmoja. Watoto wakikosana kwenye foleni ya maji, mikono inatangulia maneno. Siwezi kudai kwamba wanafunzi wetu wameacha kugombana. Ninachoweza kusema ni kwamba wakianza kukunja ngumi, kuna anayepaza sauti "Simama!" na mara nyingi mikono inashuka. Neno hilo hawakulitoa nyumbani wala kwa mabondia wa runinga.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kwa nini kidole gumba kisifichwe ndani ya ngumi?
(b) Nguvu ya konde la nyuma inaanzia wapi?
(c) Kati ya kutoboa gazeti na kuligusa tu, lipi linahitaji ustadi zaidi? Toa sababu.
(d) Tunga sentensi tatu ukitumia maneno haya: donoa, kwepa, kinga.

Kwa wenzangu wa kidato cha tatu, mkiwa na Jumamosi ya bure, karibuni uwanjani. Hamhitaji glavu. Leteni kamba na magazeti ya zamani.