Ukoo wa Mlimau

Ukiingia sokoni Tanga au Unguja, utaona machungwa, machenza na malimau yamepangwa mafungu mafungu. Muuzaji hakosei, ajua hili ni chungwa na lile ni limau. Nawe wajua pia, kwa rangi, kwa harufu na kwa ladha. Mtu akikuuliza, "Je, mlimau ni aina ya peke yake, iliyokuwapo tangu zamani za asili?" bila shaka utajibu, "Ndiyo." Lakini sivyo. Mlimau ni chotara: mama yake ni mti wa namna moja, na baba yake ni mti wa namna nyingine. Na tuone jambo hili limekuwaje.

Tazama ua la mlimau. Katikati pana kijiti kimoja kinene, na chini yake ndipo tunda linapoanza. Kandokando pana vijiti vyembamba, vyenye unga wa manjano vichwani. Nyuki ajapo kunywa maji matamu ya ua, unga humshika mwilini, naye huuchukua mpaka ua jingine. Unga ukifika juu ya kile kijiti cha katikati, mbegu huanza kufanyika. Kwa desturi mmea hupokea unga wa mimea ya aina yake tu. Unga wa mhindi hauwezi kuzaa kitu katika ua la mlimau. Lakini mimea iliyo ndugu wa karibu huweza kuchanganyika, na mche utokao katika mbegu hiyo huitwa chotara.

Mmepata kusikia habari za nyumbu, mtoto wa punda na farasi. Ana nguvu nyingi, lakini ni tasa. Machotara wengi wa mimea nao ni tasa, na wengine huzaa watoto wasiofanana nao. Mbona, basi, tukipanda mbegu ya limau kwa kawaida twapata mlimau? Siri imo ndani ya mbegu. Mbegu ya limau au ya chungwa mara nyingi ina miche miwili au mitatu. Mmoja hutokana na baba na mama. Mingine hutokana na mwili wa mama peke yake, nayo hufanana naye kabisa. Kwa njia hii chotara aliyezaliwa zamani sana huendelea vizazi na vizazi bila kubadilika, na watu wamwonapo humdhani ni aina ya asili.

Sasa sikilizeni ukoo wenyewe. Asili ya miti hii ni bara ya Asia. Mfurungu, wenye matunda makubwa ya ganda nene, ulipokea unga wa mchenza, ukazaliwa mdanzi, ambao matunda yake ni machungu. Mdanzi nao ulipokea unga wa mti uitwao sitroni, ukazaliwa mlimau. Basi mfurungu ni bibi wa mlimau, na mchenza ni babu yake. Mchungwa pia ni wa damu ya mfurungu na mchenza, lakini uchanganyiko wake ulitokea zaidi ya mara moja. Hata michenza mingi ya bustanini ina damu kidogo ya mfurungu.

Kwa sababu hiyo wataalamu walibishana sana. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliiandika miti hii yote kuwa aina mbili tu. Mwaka 1943 Mmarekani Walter Swingle alihesabu aina 16. Tanaka, mtaalamu wa Japani, alihesabu zaidi ya 150! Wote walitazama majani, maua na matunda kwa bidii. Lakini macho peke yake hayakutosha. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza uchunguzi wa jeni, yaani urithi uliomo ndani ya mmea, wa miti 60 ya ukoo huu. Ndipo nasaba nyingi zilipojulikana wazi.

Labda mtasema, "Mkulima apata faida gani kwa habari hizi?" Katika baridi kali ya 1894 na 1895, michungwa mingi sana ya Florida, nchini Marekani, iliungua kwa barafu, na wenye mashamba wakafilisika. Mwaka 1897 Swingle alichanganya mchungwa na mti wa China wenye miiba mirefu na majani matatu matatu, ustahimilio baridi. Wataalamu wengi waliuhesabu mti huo kuwa wa jamii nyingine kabisa. Hata hivyo mbegu zilipatikana, zikaota. Matunda ya machotara hao ni machungu, lakini mizizi yao ni hodari, na mpaka leo wakulima wa nchi nyingi hupandikiza vikonyo vya michungwa juu ya mashina ya machotara wa namna hiyo.

Mahali mto unapoingia baharini, utaonja maji matamu upande wa juu, na maji ya chumvi upande wa chini. Lakini huwezi kuchora mstari majini na kusema, "Mto umekoma hapa." Mipaka ya mimea mingine ni hivyo hivyo. Majina ni kazi ya wanadamu, nayo yatufaa sana. Ila mwenye busara hulitazama ua lenyewe kabla ya kulitegemea jina lake.

Maswali
1. Bibi wa mlimau ni mti gani?
2. Kwa nini mbegu ya limau kwa kawaida huzaa mti ulio sawa na mama yake?
3. Panda mbegu kumi za chungwa. Ni mbegu ngapi zimetoa miche zaidi ya mmoja?