Bakhshishi ya wabeba mizigo: Ni hisani, haki au rushwa?

Siku chache kabla ya kuingia mwezi wa Ramadhani, mimi na mama watoto tulikwenda Kariakoo kununua friji. Tulizunguka maduka mpaka miguu ikauma, hatimaye tukapatana bei na mwenye duka mmoja, mtu mwenye maneno matamu. Akatuambia kuwa usafiri ni juu yake. "Mzee, wewe nenda kapumzike. Mzigo utakukuta mlangoni, hutoi hata senti." Tukarudi nyumbani tukimsifu.

Baada ya Alasiri kirikuu ikafika, ina dereva na vijana wawili. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu na jengo letu halina lifti. Mkubwa wa wale vijana aliangalia ngazi, akaniangalia mimi, akasema: "Shehe, sisi tumeambiwa mlangoni." Nikamjibu kuwa mlango wangu uko juu. Nikaongeza, kama tunavyosema sote: "Pandisheni tu vijana, tutaonana huko huko juu."

Wakapandisha. Friji lile halipungui kilo 60. Walilifunga kamba, mmoja juu mmoja chini, wakawa wanapumzika kila kona ya ngazi. Kwenye kona ya ghorofa ya pili mmoja alibanwa vidole ukutani, akanyamaza, akaendelea. Walipoliweka jikoni nikawashukuru na kuwaombea kheri. Wakabaki wamesimama. Yule mkubwa akasema kwa sauti ya chini: "Shehe, hata ya maji?" Nikamuuliza: "Kwani dukani hamkulipwa?" Wakaangaliana, wakashuka. Nikasikia mmoja wao akicheka kwenye ngazi, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

Mama watoto, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaniuliza swali moja tu: "Kwani wewe unajua kama walilipwa?" Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu najua kuwa si changu peke yangu. Ukinunua kabati Keko, ukinunua sofa, kitanda, mashine ya kufulia au jiko la gesi, mwisho wa safari utakuta kijana amesimama mlangoni anafuta jasho na anakuangalia. Wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa kumpa kitu ni kuiga Wazungu. Wapo wanaosema kuwa ni sadaka, ukipenda unatoa, usipopenda hutoi. Na wapo wanaosema kuwa ni rushwa ndogo na kwamba inawaharibu vijana. Haya yote nimeyasikia barazani, tena kutoka kwa watu wanaoswali safu ya kwanza.

Hili la Wazungu tusilipotezee muda. Neno lenyewe bakhshishi asili yake ni Kifarsi, na mwambao huu umelitumia tangu enzi za majahazi. Ni kweli kwamba Marekani mambo yamefika mbali. Kule sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa hoteli dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991, kwa hesabu kwamba kinachopungua kitafidiwa na bakhshishi za wateja. Yaani mzigo wa mshahara umetolewa begani kwa mwajiri ukawekwa begani kwa mteja. Japani kwa upande wake mtu anaweza kukurudishia hela yako mbio akidhani umeisahau. Lakini sisi hatuko Marekani wala Japani. Sisi tuna sheria yetu ya muamala, na ndiyo tutakayoulizwa.

Katika sheria hiyo, kabla hujauliza habari ya bakhshishi inakubidi uulize habari ya ujira, kwani hivi ni vitu viwili na kosa letu kubwa ni kuvichanganya. Ujira ni deni. Bukhari amepokea hadithi Qudsi ambayo ndani yake Allah (s.w.) anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mwenzake katika orodha hiyo ni mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Tafakari, ndugu yangu, ni nani aliyewekwa safu moja na nani.

Sasa swali langu lilikuwa hili: mimi niliwaajiri wale vijana? Siku ile nilijibu haraka kuwa sikuwaajiri, aliyewaajiri ni mwenye duka. Jibu hilo ni sahihi nusu. Kutoka Kariakoo mpaka getini kwangu walikuwa katika kazi ya mwenye duka, na kwa hilo sidaiwi kitu. Lakini kuanzia ngazi ya kwanza mpaka jikoni kwangu walikuwa katika kazi ya nani?

Imam Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho masheikh wa mwambao wetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameigusa mas-ala inayofanana sana na hii. Mtu anampa mfuaji nguo yake aifue, au anampa fundi kitambaa akishone, na ujira haukutajwa kabisa. Kazi ikishafanyika, je, mfanyaji anadai kitu? Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafii ni kwamba hadai, kwani ametoa nguvu zake bila ya kushurutisha malipo. Kauli nyingine inasema anadai. Na ipo kauli ya tatu kwamba akiwa ni mtu anayejulikana kwa kazi hiyo kwa malipo, basi anastahiki ujira wa mfano, yaani kile ambacho wenziwe hulipwa kwa kazi kama ile. Na Imam Nawawi mwenyewe ameashiria kuwa kauli hii ina uzuri wake.

Hapo naweza kukuona, msomaji, unatabasamu na kusema: kumbe kauli yenye nguvu inanipendelea mimi! Ngoja kidogo. Wafafanuzi wa kitabu hicho wameongeza jambo. Wamesema hitilafu hiyo ni pale ambapo ujira haukuguswa hata kwa ishara. Ama mwenye nguo akisema "fanya, nami nitakuridhisha", au neno la namna hiyo, basi ujira wa mfano unamlazimu.

Nilipolisikia hilo darsani nilikumbuka maneno yangu mwenyewe: "Tutaonana huko huko juu." Hebu niambie, katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, mtu akimwambia mbeba mizigo "tutaonana" au "hutakosa ya soda", anakusudia nini na msikilizaji anafahamu nini? Hakuna anayefahamu kuwa watasalimiana. Basi kile nilichokinyima siku ile na kukiita bakhshishi, kwa fahamu yangu ya somo lile, hakikuwa bakhshishi. Kilikuwa ni ujira wa ngazi za ghorofa tatu, na niliuzuia baada ya jasho kutoka.

Kwa hiyo, tunapobishana kama bakhshishi ni Sunna au bidaa, mara nyingi tunabishania deni. Neno "mlangoni" ambalo wenye maduka wanalipenda sana ndilo lenye ugonjwa. Mlango upi? Muuzaji anakusudia geti, mnunuzi anakusudia sebule, na anayebanwa vidole katikati ni kijana ambaye hakushirikishwa katika mapatano hayo. Wala usidhani kuwa kila kijana wa mzigo ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na ipo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Hayo ni mazuri. Lakini kijana aliyeokotwa pale kona ya mtaa asaidie kushusha friji moja, hana mwajiri wa kumchangia. Akivunjika mgongo kwenye ngazi zako, Mfuko wake ni mama yake mzazi.

Tuseme sasa ujira umelipwa na kila kitu kilikuwa wazi. Hapa ndipo bakhshishi yenyewe inapoanza, na hapa nasema bila ya kusita kuwa kutoa kuna asili nzuri. Jabir bin Abdillah (r.a.) alimuuzia Mtume (s.a.w.) ngamia wake wakiwa safarini. Walipofika Madina, Mtume alimwamuru Bilal ampimie thamani yake na amzidishie. Kisha akamrudishia na ngamia pia. Jabir aliitunza ile nyongeza, haikuachana na mfuko wake mpaka walipoichukua watu wa Sham siku ya Harra, mwaka wa 63 Hijria. Angalia, thamani kamili hakuiweka kumbukumbu. Aliyoiweka ni nyongeza. Na kuna Abu Taiba aliyempiga Mtume chuku: akampa pishi ya tende, kisha akazungumza na mabwana zake wampunguzie kile walichokuwa wanamtoza kila siku. Hili la pili huwa tunalipita haraka. Mtume hakutosheka na kumpa chochote mkononi, bali alikwenda kuzungumza na wale wanaomtumikisha. Mteja wa leo anaweza kumpa kijana elfu mbili ya maji, lakini neno moja kwa mwenye duka, ambaye anataka urudi kununua tena, pengine lina faida zaidi kwake kuliko hiyo elfu mbili.

Wanaoiita rushwa nao wana hoja yao. Wanatukumbusha kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na kusema hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi, Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi itamfuata. Hadithi ni sahihi, iko katika Bukhari na Muslim. Lakini yule alikuwa na mamlaka juu ya mali za watu; kijana wa mzigo ana mamlaka gani juu yako, naye ameshamaliza kazi na anashuka ngazi? Inakuwa rushwa pale unapompa ili aache mzigo wa mwenzako aliyekutangulia akuletee wewe kwanza, au akubadilishie kabati lenye mkwaruzo kwa la mteja mwingine mwenye duka asijue. Hapo hata shilingi mia ni haramu kwenu nyote wawili. Na kama mwenye duka amewakataza vijana wake kupokea kitu na anawalipa vizuri, usimuharibie utaratibu wake. Wape maji ya kunywa, waombee dua.

Vijana nao wasikilize, kwani gazeti hili wanalisoma. Wapo wanaosimamisha gari getini, wameshalipwa, wameshajua ghorofa ni ya ngapi, kisha wanagoma kushusha mpaka "wazungumzwe vizuri". Wapo wanaolibwaga kabati la mtu kwa hasira. Mali ya Muislamu si halali ila kwa kuridhia nafsi yake, na anayetoa kwa sababu sofa lake liko juani na mvua inakuja hakuridhia. Kama ngazi ni nyingi, sema bei chini kabla ya kuinua. Hakuna aibu hapo. Mwenye nyumba akikataa, mzigo wake unaishia pale mapatano yalipoishia.

Na mtoaji atoe kwa adabu. Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 264, inaonya juu ya kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Nimewahi kumuona bwana mmoja akimrushia kijana noti chini, tena mbele ya watoto wake. Bora asingetoa.

Swali la kiasi gani sina jibu lake la kitabuni. Mimi sasa naulizia dukani kabla sijalipa: vijana wanalipwa na nani, na kupandisha ni juu ya nani? Ikiwa ni juu yangu, naomba bei ya ngazi iandikwe kwenye risiti. Wengine wananicheka. Mwenye duka mmoja aliniambia kuwa katika miaka yake yote ya biashara hakuwahi kuulizwa hivyo.

Ama wale vijana wangu, wiki ya pili ya Ramadhani nilirudi Kariakoo kuwatafuta. Mwenye duka hakuwajua hata kwa majina. Alisema yeye hulipa dereva kwa safari, na dereva hujua mwenyewe. Dereva nilimpata, akaniambia kuwa siku ile kila mmoja alipata elfu tatu, ya kushusha getini. Yule mkubwa nilimkuta anasukuma mkokoteni Gerezani. Nikamlipa, nikamuomba radhi, akaniangalia kama anayetafuta mtego uko wapi. Yule aliyebanwa vidole alikuwa amekwenda kwao, na mwenziwe hajui namba yake ya simu. Anasema huenda akarudi baada ya mavuno. Hela yake nimeifunga kwenye bahasha, iko kabatini, na mama watoto nimemuonesha ilipo.