Bango la Tangazo katika Programu ya Simu: Jicho, Kidole na Mfuko wa Mtumiaji

Mwanafunzi mwenye ujuzi wa wastani wa lugha za kompyuta aweza leo kutunga programu ya simu akiwa nyumbani kwao, na programu hiyo ikatumiwa na watu wa wilaya nzima. Yaweza kuwa kamusi, mkusanyiko wa maswali ya mitihani iliyopita, au daftari la hesabu za duka. Lakini mara programu inapopata watumiaji, swali la fedha huzuka. Seva hulipiwa, muda wa mtunzi una thamani yake, na walio tayari kununua programu ni wachache. Njia ambayo wengi huikimbilia ni kuweka bango la tangazo, yaani mstatili mwembamba wenye picha au maneno ya mfanyabiashara, ukingoni mwa kioo cha simu.

Papo hapo malalamiko huanza. Watumiaji husema kwamba programu “imeharibika”, na baadhi yao huifuta. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba kero hiyo si suala la ladha ya mtu tu. Ina sababu zinazoeleweka kisayansi, nazo zinaweza kupimwa kwa rula, kwa saa na kwa hesabu za kidato cha kwanza. Mtunzi anayezifahamu ataweza kupata riziki yake bila kumuudhi anayemtumikia.

Asili ya bango na jinsi linavyofanya kazi

Mabango ya intaneti yalianza kujulikana tarehe 27 Oktoba 1994, gazeti la mtandao la HotWired la Marekani lilipoonyesha matangazo ya makampuni kadhaa, ikiwamo kampuni ya simu ya AT&T. Bango la wakati huo lilikuwa na upana wa pikseli 468 na urefu wa pikseli 60. Mwaka 2006 ilianzishwa kampuni ya AdMob, iliyoshughulikia matangazo ya simu za mkononi, na mwaka 2009 Google ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 750. Kipimo kilichozoeleka cha bango la simu ni 320 kwa 50. Vipimo hivi ni vya pikseli sanifu, ambazo 160 kati yake ni takriban inchi moja. Kwa hiyo urefu wa bango ni 50/160 ya inchi, yaani karibu milimita 8.

Kazi yake ni hii. Programu inapofunguliwa hupeleka ombi kwenye seva ya matangazo. Seva huchagua tangazo, hulituma, na kuhesabu kwamba limeonyeshwa. Mtunzi hulipwa kwa kila matangazo elfu yaliyoonyeshwa, au kwa kila tangazo lililobonyezwa na mtumiaji. Malipo ya bango moja ni madogo mno, lakini wingi wake hujenga. Mfano mashuhuri ni mchezo wa Flappy Bird, uliotungwa na Dong Nguyen wa Vietnam na kutolewa bure mwaka 2013. Mwanzoni mwa mwaka 2014 iliripotiwa kwamba matangazo yake yalikuwa yakimwingizia takriban dola 50,000 kwa siku. Mwezi wa Februari mwaka huo huo mtunzi mwenyewe aliuondoa mchezo huo, akieleza kwamba watu walikuwa wameutopea kupita kiasi. Tunajifunza hapa kwamba pato la bango linatokana na watu wengi wanaorudi tena na tena. Anayewafukuza watu hao anaukata mti ulio na matunda.

Jicho

Jicho la mwanadamu halioni kila mahali kwa ukali ulio sawa. Seli zinazotambua mambo madogo madogo zimesongamana katikati ya retina, katika eneo linaloona nyuzi 2 hivi tu za upeo wetu. Mtu akishika simu umbali wa sentimeta 35, nyuzi hizo 2 ni sawa na duara lenye kipenyo cha sentimeta 1.2 juu ya kioo. Hilo tu ndilo tunalolisoma barabara. Sehemu iliyobaki ya kioo huonekana kwa ukungu, lakini ukungu huo una sifa moja kubwa: ni mwepesi wa kugundua mwendo. Kitu kikitikisika pembeni, jicho hugeuka lenyewe kabla hata ya mtu kuamua. Bila shaka maumbile hayo yaliwafaa wazee wetu porini.

Sasa tuchukue mwanafunzi anayesoma swali la fizikia huku bango linamweka-mweka chini ya kioo. Kila linapomweka, jicho lake linavutwa, kisha halina budi kurudi kutafuta mstari lililouacha. Hapotezi sekunde tu, bali pia mfululizo wa mawazo. Bango lililotulia halimfanyii hivyo.

Watangazaji wengine hudai kwamba bango lililotulia halitatazamwa. Hoja yao ina msingi, kwa kuwa mwaka 1998 watafiti Benway na Lane wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba watu waliopewa kazi ya kutafuta habari katika kurasa za mtandao mara nyingi hawakuiona habari ile ile ilipowekwa ndani ya bango kubwa lenye kupambwa. Jicho lilikuwa limejifundisha kuruka mabango. Lakini dawa ya upofu huo si kelele zaidi. Mtu hulitazama bango anapomaliza jambo alilokuwa akilifanya, kwa mfano baada ya kujibu maswali na kupewa alama zake. Hapo jicho lina nafasi, na tangazo la duka la vitabu laweza hata kumfaa.

Kidole

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts aliwapa watu kalamu ya chuma, akawataka wagonge vibao viwili kwa zamu, haraka iwezekanavyo. Aligundua kwamba muda wa kufikia kibao hutegemea uwiano wa umbali kwa upana wake: kilicho mbali na chembamba huchukua muda mrefu, kilicho karibu na kipana huchukua muda mfupi. Kanuni hiyo yahusu pia kidole juu ya kioo cha simu. Ndiyo maana Google huwashauri watunzi kwamba kitufe kisipungue pikseli sanifu 48, yaani milimita 7.6 hivi, kila upande. Alama ya kufunga tangazo iliyofanywa ndogo kama punje ya mtama inapingana na kanuni hiyo, na mara nyingi kidole huangukia tangazo lenyewe.

Kosa lililo baya zaidi ni la bango linalochelewa. Programu inafunguka, orodha ya masomo inaonekana, na mtumiaji anapeleka kidole kwenye “Kemia”. Kabla kidole hakijafika, bango linawasili kutoka kwenye seva na kuisukuma orodha. Mtu huhitaji takriban robo ya sekunde ili kuitikia kitu alichokiona. Kidole kilichokwisha kuanza kushuka hakirudishwi, nacho kinagusa tangazo. Mguso huo haukukusudiwa. Mtumiaji amekerwa, mtangazaji amelipia mteja asiyekuwepo, na mtunzi naye yumo hatarini, kwani kanuni za AdMob zinakataza mabango yaliyopangwa kwa namna ya kuleta miguso isiyokusudiwa, na akaunti ya anayezivunja yaweza kufungwa.

Tiba yake ni rahisi. Mtunzi atenge nafasi ya bango tangu mwanzo, iwe tupu mpaka tangazo lifike. Mgeni aliyeandaliwa kiti hamwinui mwenyeji alipokaa. Aidha, paachwe pengo kati ya bango na vitufe, na bango lisifunike maandishi wala kitu chochote kinachoguswa.

Mfuko

Tangazo husafiri kwa data, na data hiyo hununuliwa na mtumiaji. Tuseme kila tangazo lina kilobaiti 50. Ukurasa wa maandishi matupu wenye herufi 2,000 una takriban kilobaiti 2. Kwa hiyo tangazo moja la namna hiyo lina uzito wa kurasa 25 za somo. Mtumiaji anayeonyeshwa matangazo 10 kwa siku atatumia kilobaiti 500 kila siku, au megabaiti 15 kwa siku 30. Akionyeshwa 20, ni megabaiti 30. Kwa mwanafunzi anayenunua kifurushi kidogo, hilo si jambo la kupuuzwa: analipia matangazo kabla ya kulipia masomo.

Betri nayo ina sehemu yake. Kila ombi linalopelekwa kwenye seva huiamsha redio ya simu, na redio hiyo hubaki katika hali ya kutumia nguvu nyingi kwa sekunde kadhaa hata baada ya picha kufika. Bango linalobadilishwa kila nusu dakika huifanya redio isipate usingizi. Ni afadhali kubadilisha bango mtumiaji anapohama kutoka sehemu moja ya programu kwenda nyingine.

Kuna pia gharama isiyohesabiwa kwa shilingi. Ili kuchagua tangazo, seva nyingi hukusanya habari za mtumiaji, kama vile namba ya utambulisho ya simu yake na mahali alipo kwa kukadiria. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mtunzi anayewahudumia watoto wa shule yampasa azisome sheria hizo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa tangazo.

Hesabu ya mtunzi

Huenda msomaji akasema kwamba maadili ni mema, lakini mtunzi anahitaji kula. Basi na tuipime faida yake. Tuseme P ni pato la siku, W ni idadi ya watumiaji, T ni matangazo anayoonyeshwa kila mtumiaji kwa siku, na B ni malipo ya matangazo elfu moja. Hapo:

P = W × T × B ÷ 1,000

Kwa mfano wa kubuni, W ni 1,000, T ni 10, na B ni shilingi 500. Pato ni shilingi 5,000. Mtunzi akaona tamaa, akaifanya T kuwa 20. Kama watumiaji wote wangebaki, angepata 10,000. Lakini watu 600 wanaifuta programu, W inabaki 400, na pato linashuka hadi shilingi 4,000. Aliyezidisha matangazo mara mbili hupata hasara mara tu zaidi ya nusu ya watumiaji wake wanapoondoka, na walioondoka ni vigumu kuwarudisha.

Kanuni za kushika

Mwaka 2017 muungano uitwao Coalition for Better Ads, baada ya kuwauliza watumiaji, ulitaja aina za matangazo ya kurasa za simu zinazochukiza kuliko nyingine. Miongoni mwake ni yale yanayomweka-mweka, video zinazojianzisha zenyewe kwa sauti, na matangazo yaliyogandishwa yanayochukua zaidi ya asilimia 30 ya kioo. Tukiyaunganisha hayo na tuliyoyajadili, tunapata kanuni hizi:

(a) Bango liwe moja tu kwenye kioo, litulie, na liandikwe wazi neno “Tangazo”.

(b) Nafasi yake itengwe kabla halijafika.

(c) Liwekwe mahali pa mapumziko, lisiwekwe katikati ya kazi. Ukurasa wa mtihani, na ukurasa wa huduma ya kwanza kwa aliyeumwa na nyoka, usiwe na tangazo kabisa.

(d) Picha iwe nyepesi kadiri inavyowezekana, na isibadilishwe mara kwa mara.

(e) Asiyetaka matangazo apewe njia ya kulipa kiasi kidogo ili yaondolewe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Bango ni mgeni katika kioo cha mtu mwingine. Likija na manufaa na kukaa mahali pake, litavumiliwa na hata kukaribishwa. Likimsukuma mwenyeji na kula akiba yake, litatolewa pamoja na programu iliyolileta.

Maswali na mazoezi

1. Kioo cha simu kina upana wa pikseli sanifu 360 na urefu wa 640. Onyesha kwamba bango la 320 kwa 50 huchukua karibu asilimia 6.9 ya eneo lake. Tangazo la 300 kwa 250 je? Likigandishwa hapo, litavuka kiwango cha asilimia 30?

2. Chora juu ya karatasi mistatili miwili yenye upana wa milimita 8, iliyoachana sentimeta 10. Igonge kwa zamu kwa ncha ya penseli kwa sekunde 20, ukihesabu migongo iliyoingia ndani. Rudia kwa mistatili ya milimita 4. Matokeo yanakubaliana na kanuni ya Fitts?

3. Katika mfano wetu wa hesabu, W ingepaswa kubaki ngapi ili mtunzi asipate hasara wala faida kwa T kuwa 20? Na T ikiwa 40?

4. Chagueni programu moja iliyo na bango. Gawanyeni darasa katika makundi mawili, moja litumie programu hiyo data ikiwa imewashwa na jingine ikiwa imezimwa, kisha mlinganishe muda wa kumaliza kazi ile ile. Elezeni ni mambo gani mengine, mbali na bango, yanayoweza kuathiri matokeo yenu.