Dondoo muhimu: Programu ya kutuma jarida kwa barua pepe

Kabla hujaingiza namba ya kadi ya benki, pitia haya:

1. Gmail ya kawaida haifai. Kikomo chake ni wapokeaji 500 kwa siku.
2. Uliza kama bei inafuata idadi ya majina au ya barua. Zipo programu zinazotoza hata kwa waliokwisha kujitoa, na wengi hushtukia bili.
3. Jaribu mapema kupakua orodha yako yote. Siku ya kuhama utaihitaji.
4. Tumia anwani ya kikoa chako, uweke SPF na DKIM (rekodi za kikoa zinazothibitisha mtumaji). Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huzidai zote mbili kwa watumaji wakubwa.
5. Usinunue anwani za wapokeaji. Kamwe.
6. Jitumie toleo la majaribio, ulifungue kwenye simu ya bei nafuu.