Ukilevywa na Bahari, Usiongeze Bia
Mashua ya tanga inapoyumba, sikio la ndani huhisi mtikisiko, ilhali macho yanayotazama ndani ya chombo huona kila kitu kimetulia. Ubongo hutatizika, roho huchafuka, na msafiri wa kutoka Mtwapa kwenda Kilifi huanza kutapika.

Msomaji, kaa katikati ya chombo na utazame mbali, bahari inapokutana na mbingu. Tembe za sinarizini husaidia zikimezwa muda wa saa mbili kabla ya kung'oa nanga, lakini huleta usingizi.

Kwa hivyo, mkisimama kwenye gati kwa chakula cha mchana, usiagize bia. Pombe huzidisha usingizi huo, na mguu ukiteleza kati ya gati na mashua, waweza kuzama. Jioni, mwachie mwenzako usukani wa gari. Mama mjamzito amwone daktari kabla ya kumeza tembe hizo.